Maji Yakitangazwa Si Salama Arusha: Mwongozo Kamili, Kuanzia Koki ya Mita Hadi Kikombe cha Mtoto

Kila tangazo la maji linapopita mtaani, liwe la kipaza sauti au la ujumbe wa simu, maswali ninayoletewa ni yaleyale, na nyuma yake yapo makosa yaleyale. Wapo wanaomwaga simtanki nzima kwa hofu, kesho yake wanakosa hata maji ya chooni. Wapo wanaochemsha vizuri kabisa, kisha wanayarudisha maji kwenye ndoo ileile waliyochotea. Na wapo, hasa sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru, wanaoamini kwamba maji yakishachemka basi kila kibaya kilichokuwemo kimekwisha.

Mzizi wa yote ni mmoja: tunayatazama maji ya nyumba kana kwamba ni ya kazi moja. Familia ya watu watano inahitaji kama ndoo mbili za lita 20 kwa siku kwa kunywa, kupikia, kupigia mswaki na kuoshea vyakula vinavyoliwa vibichi. Maji ya kufua, kudeki na ya chooni hayahitaji usafi wa kiwango hicho. Ukizitenga ndoo hizo mbili na kuzihudumia inavyotakiwa, watoto watakuwa salama na simtanki itafika mbali. Hatua nyingi zilizo hapa chini zinazihusu ndoo hizo mbili.

Vitu vya kuandaa

Vingi unavyo tayari. Vilivyobaki utavipata Soko la Kilombero, dukani kwa Mangi au duka la dawa la mtaani.

- Ndoo mbili za lita 20 zenye mfuniko na koki chini. Hizi ni za kunywa na kupikia tu. Usifulie humo hata siku moja.
- Ndoo nyingine ya kawaida, ya kutulizia maji yenye tope.
- Kitambaa safi cha pamba. Khanga kuukuu iliyofuliwa inafaa sana.
- Vidonge vya kutibia maji, kama WaterGuard au Aquatabs. Vipo vya ukubwa tofauti, kwa hiyo soma pakiti kwanza: kidonge kimoja ni cha lita ngapi?
- Jiki ya kawaida isiyo na manukato, ambayo muda wake haujapita, na kibandiko chake kinaonyesha nguvu ya asilimia 3.5.
- Bomba la sindano la mililita 5, bila sindano yenyewe. Duka la dawa wanauza.
- Sufuria kubwa yenye mfuniko.
- Plasta ya kubandika na kalamu ya wino usiofutika, kwa ajili ya kuandika kwenye ndoo.
- Tochi, brashi ya mpini mrefu na sabuni ya unga, kwa ajili ya simtanki.

Hatua ya 1: Soma tangazo lote, halafu lihakiki

Usianze kuchemsha kabla hujajua tatizo ni nini, kwa sababu dawa ya tatizo moja haitibu jingine. Tangazo huja kwa sura tatu.

La kwanza linasema *chemsha au tibu maji kabla ya kunywa*. Hapo kinachoogopwa ni vijidudu: bomba limepasuka, mafuriko yameingia kwenye chanzo, au kuna kipindupindu. Hatua ya 4 hadi ya 6 zimeandikwa kwa ajili ya hali hii.

La pili linasema *msinywe maji haya*. Hapo kuna kemikali au madini, na kuchemsha hakusaidii. Moto huondoa mvuke tu, kemikali inabaki kwenye sufuria ikiwa nzito kuliko mwanzo. Tafuta maji kutoka chanzo kingine.

La tatu, ambalo ni nadra, linasema *msiyatumie kabisa*. Hata kuoga, acha.

Tangazo la kweli lina tarehe, linataja maeneo, linaeleza tatizo na linakuambia la kufanya. Ujumbe wa sauti unaoanza na "jamani nimeambiwa na mtu wa ndani" usiusambaze, kwani mara nyingi ni wa zamani na umeanza kuzunguka upya. Uliza ofisi ya mamlaka ya maji (AUWSA kwa Arusha, MUWSA kwa Moshi), mwenyekiti wa mtaa au afisa afya wa kata. Wizara ya Afya nayo ina namba 199 ya kupiga bila malipo.

Hatua hii imekamilika ukiweza kumweleza jirani kwa sentensi moja: tatizo ni nini, maeneo gani, tangu lini.

Hatua ya 2: Funga koki ya kuingiza maji kwenye simtanki

Fanya hivi mara moja, hata kama ni usiku. Kwetu maji ya mgao huja usiku wakati watu wamelala, na boya likishuka tu, simtanki inapokea chochote kinachopita bombani. Ukichelewa hadi asubuhi utakuta maji mabaya yameshachanganyika na yale uliyoyahifadhi.

Funga koki iliyo kwenye bomba linalopanda simtanki. Kama haipo, funga ile ya baada ya mita, kisha fundi bomba akipatikana akuwekee ya simtanki. Ni kazi ndogo, na utaishukuru miaka yote.

Maji yaliyomo ndani usiyamwage. Sampuli huchukuliwa kwanza, majibu hutoka baadaye, ndipo tangazo linafuata, kwa hiyo huwezi kujua kama ulichojaza juzi kilikuwa kizuri. Yahesabu kuwa ya mashaka: ya chooni, ya kudeki, ya kufua, na, kama tangazo ni lile la kwanza, ya kunywa baada tu ya kutibiwa. Simtanki ya lita 1,000 ni ndoo 50. Ukiimwaga kwa hofu unajinyima ndoo 50 ambazo nyingi zingefanya kazi yake bila tatizo lolote.

Cha kumwaga ni barafu zilizo kwenye friji pamoja na zile za juisi za watoto, kama zilitengenezwa kwa maji ya siku hizo. Watu wengi huzisahau.

Hatua ya 3: Andika majina kwenye ndoo

Bandika plasta. Ndoo mbili za koki ziandikwe KUNYWA na KUPIKIA. Nyingine ziandikwe KUFUA na CHOO. Kwa watoto wasiojua kusoma chora kikombe kwenye ndoo ya kunywa na uwaonyeshe.

Inaweza kuonekana ni kazi ya bure. Lakini nyumba nyingi zina dada wa kazi, wajomba waliokuja kusoma, bibi aliyekuja kutibiwa, na mpangaji wa chumba cha uani. Maelekezo yaliyo kichwani mwako hayawafikii. Yaliyo kwenye ndoo yanawafikia.

Ya KUNYWA ni ya kunywa, kupigia mswaki, kuchanganyia maziwa ya mtoto na kuchanganyia dawa. Ya KUPIKIA ni ya chakula, kuosha nyanya na vitunguu vya kachumbari, kuosha matunda, na kusuuzia vyombo mara ya mwisho.

Hatua ya 4: Tuliza, kisha chuja

Hapa ndipo haraka inapowaponza wengi. Maji yamekuja na rangi ya udongo, mtu anatia kidonge humohumo. Klorini ya kidonge huliwa na tope na majani yaliyooza kabla haijafika kwa vijidudu, na vijidudu vingine hujificha ndani ya chembe za udongo.

Jaza ndoo ya kutulizia, funika, iache bila kuitikisa hadi tope litue chini. Usiku mmoja unatosha. Asubuhi kunja khanga mara nne, ifunge mdomoni mwa ndoo nyingine na umimine taratibu. Mashapo ya chini yaache, yatafaa chooni. Khanga ifuliwe na ianikwe juani kila baada ya kuchuja.

Utajua maji yako tayari ukiyatia kwenye gilasi ya kioo, ukaweka gazeti nyuma yake na ukaweza kusoma maandishi. Yakibaki na ukungu baada ya kuchujwa mara mbili, bado yanatibika, ila kwa dozi ya maji yenye ukungu.

Hatua ya 5: Ua vijidudu, kwa njia moja iliyofanywa kikamilifu

Zipo njia nne. Chagua moja. Kuchemsha nusunusu halafu ukatia nusu kidonge si salama mara mbili. Ni kazi mbili zilizoachwa njiani.

*Kidonge.* Kwa nyumba nyingi hii ndiyo ninayoipendekeza. Kidonge cha WaterGuard kilichozoeleka ni kimoja kwa lita 20 za maji maangavu. Yakiwa na ukungu hata baada ya kuchuja, tia viwili. Tikisa au koroga kwa mwiko safi, funika, subiri dakika 30. Kosa linalojirudia ni vipimo: ndoo ya lita 10 ikitiwa kidonge kizima maji yanakuwa na harufu kali, watoto wanayakataa na kwenda kunywa ya bombani. Dumu la zamani la mafuta nalo si lazima liwe la lita 20 kamili, kwa hiyo lipime mara moja kwa chupa za lita moja na uweke alama.

*Jiki*, vidonge vinapokosekana. Kwa jiki ya asilimia 3.5, vuta mililita 1.2 kwa bomba la sindano uitie kwenye lita 20 za maji maangavu, au mililita 2.4 kama yana ukungu. Koroga, funika, subiri dakika 30. Usikadirie kwa kifuniko cha chupa, na usitumie jiki yenye manukato wala ile iliyopunguzwa na kuuzwa kwenye chupa isiyo na kibandiko.

Kwa njia hizi mbili pua yako ndiyo kipimo. Baada ya nusu saa, fungua mfuniko unuse. Harufu hafifu ya klorini ni habari njema, maana yake bado kuna dawa inayolinda maji. Kama hakuna harufu kabisa, rudia dozi na usubiri dakika 15 nyingine. Harufu ikikukera, acha ndoo wazi kwa muda mfupi mahali safi, au mimina maji kutoka chombo safi hadi kingine mara kadhaa.

*Kuchemsha.* Maji yakitokota kwa nguvu, povu kubwa likipanda, hesabu dakika moja. Basi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na bado vijidudu vya magonjwa hufa vizuri. Ukiwa juu ya mita 2,000, huko mlimani, fanya dakika tatu. Wapo wanaotokosa dakika ishirini wakidhani wanaongeza usalama. Wanachoongeza ni gharama. Kwa hesabu yangu, kuchemsha ndoo moja tu ya lita 20 hula kama robo kilo ya gesi, maana yake mtungi wa kilo 6 unakwisha kwa ndoo ishirini na kitu. Ndiyo maana nashauri kuchemsha kubaki kwa maji ya mtoto mchanga na ya mgonjwa, na ndoo nyingine zitibiwe kwa kidonge.

Angalizo: yaache yapoe kwenye sufuria ileile, mfuniko ukiwa juu. Maji yaliyochemshwa hayana dawa ndani yake. Ukiyagusa kwa kikombe kichafu, uchafu unaanza upya palepale.

*Jua*, kwa asiye na chochote. Chupa angavu za plastiki zisizozidi lita mbili, maji maangavu, zilazwe juu ya bati kwa saa sita za jua kali. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Baridi ya Juni na Julai ya Arusha, Meru ikiwa imefunikwa kutwa, siitegemei.

Hatua ya 6: Linda ulichokisafisha

Nyumbani kwetu tuliwahi kuwa na watoto wawili wanaharisha ndani ya wiki moja, huku maji yanachemshwa kila siku bila kukosa. Nililaumu matunda, nikalaumu shule. Mwishowe nilikaa jikoni asubuhi nzima kuangalia tu. Kata ya kuchotea ilikuwa inakaa sakafuni, karibu na mlango wa uani. Kila aliyepita alichovya, na vidole vikaingia pamoja na kata. Tulinunua ndoo ya koki, na kuharisha kukaisha.

Kwa hiyo: ndoo ya koki, juu ya stuli, mfuniko ukiwa umefungwa. Hakuna kata wala kikombe kinachoingia ndani. Kabla ya kuijaza, ioshe kwa sabuni na uisuuze kwa maji yaliyotibiwa, ukifungua koki ili nayo isafishwe, maana utelezi hujenga humo ndani. Jaza maji ya siku moja tu na kesho utibu mengine. Mikono inawe kwa sabuni kabla ya kumimina. Unaweza kunawa kwa maji ya mashaka mradi sabuni ipo na unafuta mikono ikauke vizuri.

Hatua ya 7: Floraidi, ambayo haitangazwi kwa kipaza sauti

Hapa naomba msomaji wa Arusha na Meru atulie, kwa sababu jambo hili halina dharura, halina siku ya kwanza wala ya mwisho, na ndiyo maana linatupita.

Miamba ya volkano ya Meru huachia madini ya floraidi kwenye maji ya ardhini na ya mito. Ngarenanyuki na Maji ya Chai ni maeneo yanayojulikana kwa hilo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliruhusu hadi 4 kwa miaka mingi kabla ya kushuka hadi 1.5. Mtoto akinywa maji yaliyozidi sana kiwango hicho wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, yaani tangu utotoni hadi miaka minane hivi, meno huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wowote. Kikizidi kwa miaka mingi, mifupa nayo hukakamaa na kupinda.

Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kidonge hakiigusi. Kuchemsha huizidisha: lita nne zikitokota hadi zikabaki tatu, floraidi yote ya zile nne sasa iko ndani ya tatu. Visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kupishana mbali, kwa hiyo "kwa jirani kilipimwa kikawa sawa" si jibu la kisima chako.

Cha kufanya ni hiki. Peleka sampuli maabara ya maji ya Wizara ya Maji, ukiomba kipimo cha floraidi kwa jina. Ukitumia kisima au chemchemi, fanya hivyo hata kama hakuna tangazo. Kama maji yako yamezidi, zipo njia tatu zinazofaa nyumbani.

Ya kwanza ni maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi kabisa. Huna haja ya kuyatumia kwa kila kitu. Ni ya ndoo zako mbili tu. Na kama hayatoshi, changanya. Kisima kikiwa na miligramu 4, chukua sehemu moja ya kisima na mbili za mvua, utapata 1.3 hivi.

Ya pili ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo kituo cha utafiti wa floraidi cha Ngurdoto, hapo Arumeru, kimelifanyia kazi kwa muda mrefu. Muulize anayekuuzia: mkaa unabadilishwa baada ya lita ngapi, na nani atapima? Mkaa uliochoka hupitisha floraidi yote na maji yanaonekana kama kawaida.

Ya tatu ni machujio yaliyotengenezwa kulingana na tatizo la maji ya mahali. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya hapahapa Arusha alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio la namna hii. Swali la kumuuliza muuzaji ni lilelile.

Kuna jambo moja dogo la jikoni. Magadi tunayotia kwenye makande, kiburu na maharage yanaweza kubeba floraidi nyingi. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi. Mama zetu watapinga, kwa sababu mlo haufiki ulaini ule waliouzoea, na ni haki yao kupinga. Angalau chakula cha mtoto mdogo kipikwe pembeni bila magadi.

Ukitibu floraidi, vijidudu bado vinakusubiri. Maji ya mvua na ya chujio lazima yapitie hatua ya 5 pia.

Hatua ya 8: Nyoosha yale yaliyobaki

Simtanki imefungwa, haijulikani lini itafunguliwa. Anza na maji yanayopotea bila mtu kuyatumia, kabla hujaanza kugombana na watoto kuhusu kuoga.

Katika siku ya kawaida ambayo koki ziko wazi, soma mita saa nne usiku kila mtu akishalala, uisome tena saa kumi na moja alfajiri. Simtanki iwe imejaa, ili boya lisivute maji na kukupotosha. Tarakimu nyeusi ni yuniti, na kila yuniti ni lita 1,000. Nyekundu ni sehemu za yuniti. Kama mita imesogea lita 120 ndani ya saa hizo saba, na hakuna aliyefungua bomba, hiyo ni zaidi ya lita 400 kwa siku, karibu yuniti 12 kwa mwezi. Unalipia maji ambayo hakuna aliyeyatumia. Mita isiposogea kabisa, umefaulu.

Ikisogea, mshukiwa wa kwanza ni boya la simtanki na wa pili ni choo cha kuflashi. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa ndani umechoka, na ni kipuri cha bei ndogo.

Mengine kwa ufupi. Chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa maji ikiwekwa ndani ya tangi la choo, kila kuflashi kunapunguza lita moja na nusu. Vyombo vioshwe kwenye beseni mbili, si chini ya bomba linalotiririka. Maji ya kuoshea mchele yaende kwenye migomba. Maji ya kusuuzia nguo yadeki, kisha yaende chooni. Usiyaweke zaidi ya siku moja, yananuka na kuzalisha mbu, na usimwagilie mchicha au sukuma wiki. Maji yenye jiki yasiguse mmea wowote.

Msimu wa mvua ukifika, gata ni pesa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita tano kwa nane likipata mvua ya milimita 20 linapokea lita 800. Hata robo ikipotea, una ndoo 30. Mvua za kwanza za vuli huosha vumbi la kiangazi na kinyesi cha ndege, kwa hiyo lita 40 za mwanzo zielekeze kwenye bustani, ndipo ugeuze bomba la gata kuelekea pipa.

Mtu akianza kuharisha

Usisubiri uone kama ni kipindupindu. Choo cha majimaji mfululizo, hasa kinachofanana na maji ya mchele, ni cha kukimbiza zahanati. Njiani anywe maji ya ORS. Kama hakuna pakiti: lita moja ya maji yaliyotibiwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Chumvi ikizidi inadhuru mtoto. Mtoto mchanga aendelee kunyonya.

Hatua ya 9: Tangazo likiondolewa

Kosa la mwisho ni kuosha simtanki mapema, maji mabaya yakiwa bado bombani. Ngoja tangazo liondolewe na mamlaka yenyewe, si na jirani.

Kisha fungua bomba la uani lililo karibu na mita, kabla ya maji kufika simtanki. Yakinge kwenye ndoo za CHOO hadi yatoke maangavu na bila harufu ya ajabu. Baadaye fungua kila bomba la ndani kwa dakika chache, nayo uyakinge.

Simtanki ioshwe ikiwa karibu tupu, ndiyo maana ulitumia yale maji badala ya kuyamwaga. Sugua kuta na sakafu kwa brashi na sabuni, toa mashapo yote, suuza. Halafu changanya mililita 60 za jiki ya asilimia 3.5 kwenye lita 10 za maji, pakaza ndani kote, acha nusu saa, suuza tena. Maji hayo yaoshee choo.

Usichanganye jiki na dawa nyingine ya choo hata kidogo. Mvuke wake unaua. Asiingie mtu peke yake ndani ya simtanki, na asiingie mtoto kwa sababu tu ndiye anayepenya. Ukimaliza, angalia mfuniko: ukifunga na kutazama ndani kwa tundu dogo, usione mwanga. Penye mwanga panaingia mjusi, na mwani utaota.

Hatua ya 10: Weka akiba kabla ya tangazo lijalo

Ndoo mbili kwa siku, kwa siku tatu, ni madumu sita ya lita 20. Yaoshe, yajaze, yaandike tarehe, yaweke kivulini mbali na mafuta ya taa na dawa za mifugo. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi ya kufua, yatumie kufulia na uyajaze upya asubuhi ileile wakati bomba linatoka vizuri. Siku utakayoyahitaji, anzia hatua ya 5.